Nyuzi Tatu Kulia, Uzi Mmoja Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Leo wamegombana tena. Kuhusu uzi! Watu wazima wawili, wenye vyeti ukutani, wanagombania kitu kisichofika hata urefu wa kope.

Mgonjwa alikuwa ameshaondoka — dereva mmoja mnene, ametolewa gego la mwisho la chini. Mzee, mwenye kliniki, alimshona nyuzi nne, kidonda kikafungwa kabisa, huoni hata tobo. Daktari Mdogo alikuwa nyuma yangu. Akangoja mlango ufungwe, ndipo akasema, kwa adabu zote, kwamba pale yeye angeweka uzi mmoja tu. Fizi zikaribiane, basi, pabaki upenyo wa majimaji kutoka. Yakikosa njia, shavu linavimba. Mzee akamjibu huku ananawa mikono: na upenyo huohuo ndio unaoingiza makombo. Bonge la damu likitoka, mfupa unabaki wazi, mgonjwa anarudi siku ya tatu analia. Mwanangu, kidonda ni mlango, na mlango unafungwa.

Daktari Mdogo akasema si kila mlango. Mzee akasema hapa kwangu, kila mlango.

Mimi nilikuwa nahesabu sindano na kuomba niwe kiziwi kwa dakika tano. Miaka kumi na mmoja nimekaa kati ya kile kiti na lile sinia la vyombo. Mzee nimemkatia nyuzi nisizoweza kuzihesabu. Najua anavyokohoa kabla ya kusema kata. Najua urefu wa mkia wa uzi anaotaka uachwe: punje ya mchele, mama, usinikatie karibu, fundo litafunguka. Kazi yote niliyo nayo mkononi ni yeye aliyenipa. Lakini Daktari Mdogo naye si mjinga. Wagonjwa wake hawarudi na mashavu.

Shida ni kwamba Mzee anastaafu mwisho wa mwezi. Kliniki anamwachia Daktari Mdogo, karatasi ziko tayari mezani kwake, zimelaliwa na lile jino kubwa la plasta. Hasaini. Anasema hawezi kuwaacha wagonjwa wake kwa mtu anayeacha vidonda wazi. Na Daktari Mdogo ameninong'oneza kwenye chumba cha vyombo: dada, mwezi ukiisha hajasaini, mimi naondoka, kuna hospitali inanisubiri. Yeye akiondoka, Mzee anafunga. Akifunga, mimi na dada wa mapokezi tunatafuta pa kwenda.

Nyumbani nako kuna ubao unanitazama. Mume wangu ni mchoraji wa mabango, na hilo jipya la kliniki ni kazi yake. Limeegemea kabati la sebuleni tangu Januari. Juu: KLINIKI YA MENO, bluu, nzuri kweli. Chini, mahali pa jina la daktari — peupe. Kila jioni ananiuliza, niandike? Namwambia ngoja.

Na magego yangu ya mwisho yanauma. Yote mawili ya chini. Wiki ya tatu sasa nayaficha. Msaidizi wa daktari wa meno anaogopa kung'olewa jino! Hili libaki kwenye daftari.

Jumatano, 5 Machi

Halikubaki kwenye daftari.

Nilishika shavu mbele ya watu. Sekunde moja tu. Daktari Mdogo akaniona, akanivuta hadi chumba cha picha, na picha ikasema yote: magego mawili yamelala kifudifudi, yanasukuma wenzao. Yanaitwa meno ya akili. Ya kwangu yamelala usingizi miaka thelathini na tisa, ndiyo maana.

Basi wakaanza. Mzee: nitakutoa mimi, nimekufunza mimi. Daktari Mdogo: wewe pumzika, Mzee, nitamtoa mimi bila uvimbe. Mzee: bila uvimbe na bila kufunga? Daktari Mdogo: kwa uzi mmoja, Mzee wangu. Mimi nimekaa katikati na picha yangu mkononi, hakuna anayeniuliza.

Nikachoka. Nikasema, meno ni mawili, madaktari ni wawili, kila mtu achukue lake, kisha mdomo wangu utasema nani mkweli!

Nilikuwa natania. Naapa nilikuwa natania.

Kisha Mzee akavua miwani, akaifuta. Akasema si wazo baya. Daktari Mdogo akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha kucheka, akasema yuko tayari.

Sheria ametunga Mapokezi. Huyu dada kule mbele kazi yake ni simu na faili, ila tukizidiwa anavaa glavu, anashika mpira wa kunyonya mate, na anakata uzi. Sheria zake hizi: mimi nafungwa kitambaa machoni. Hakuna kusema neno, wala kukohoa. Mmoja akifanya kazi mwenzake anakaa nje barazani. Mapokezi peke yake ndiye anakuwepo kwa wote, anaandika kwenye faili nani kafanya upande gani, faili linafungiwa kwenye droo. Hakuna kunichungulia mdomo wiki nzima. Ijumaa ijayo nakaa kitini, nasema upande upi ulikuwa mwema, faili linafunguliwa.

Mzee akasema mwenyewe, mbele yetu: upande wa mwanangu ukiwa ndio mwema, nasaini siku hiyohiyo.

Nimemsimulia mume wangu. Amesikiliza mpaka mwisho, brashi mkononi. Kisha akauliza: kwa hiyo utanyamaza siku ngapi? Hakuuliza kama itauma. Bure kabisa. Nimecheka mpaka magego yakanikumbusha.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nimeuma shashi ya kuzuia damu. Mwandiko mbaya.

Limekwisha. Niko hai.

Kitambaa machoni. Ganzi kushoto, ganzi kulia. Midomo ikawa minene, si yangu. Kisha mlango — mmoja katoka. Nikatega masikio kusikia viatu vya Mzee, maana vinalia tangu avinunue. Kimya. Alivivua! Mapokezi kamvulisha viatu daktari mzima. Au ndiye aliyekuwa nje. Sikujua.

Wa kwanza alianza kushoto. Kusukumwa, kusukumwa, mlio ule ambao miaka yote nausikia kutoka kwenye vichwa vya wengine. Leo ulikuwa ndani ya changu. Kisha utulivu. Uzi ukapita. Alipomaliza, mkono ukanipiga begani mara mbili, polepole. Pap, pap.

Nikashtuka. Hiyo ni tabia ya Mzee, kila mgonjwa wake anapigwa begani hivyo. Nikajiambia basi kushoto ni Mzee.

Mlango tena. Wa pili kulia. Huyu alichukua muda kwenye kushona. Uzi, uzi, uzi. Hakunigusa bega.

Mume wangu alinifuata kwa baiskeli. Nilikaa nyuma, nimemshika kiuno, sina la kusema njia nzima. Jirani aliuliza kuna nini leo, redio imezimwa? Ndilo jina langu mtaa mzima, Redio. Nikampungia mkono.

Jumamosi, 8 Machi

Ganzi imeisha tangu jana jioni. Inauma, lakini nilitegemea vibaya zaidi. Nimekunywa supu iliyopoa kwa kijiko kidogo. Mrija marufuku, kutema mate kwa nguvu marufuku, na mimi ndiye huwaambia wagonjwa hivyo kila siku. Sasa najua kwa nini wananitazama vile.

Na nimewapata!

Walinifunga macho, wakaniziba masikio kwa ukimya wao. Ulimi hawakuufunga. Wataalamu watatu, hakuna aliyekumbuka ulimi. Asubuhi umeanza safari zake wenyewe, polepole, bila kuomba ruhusa. Kulia: fundo, fundo, fundo. Nyuzi tatu, zimefunga kabisa, ukuta. Kushoto: fundo moja. Moja tu! Na kaupenyo pembeni.

Kwa hiyo kulia ni Mzee na kushoto ni Daktari Mdogo. Halina mjadala. Na lile pap pap la begani? Daktari Mdogo kashaiga. Miaka mitatu anamtazama Mzee akifanya hivyo, mkono umezoea. Wanagombana mchana kutwa, kumbe mmoja anamfuata mwenzake mpaka kwenye mabega ya watu. Nimelifikiria hili nikafurahi peke yangu, nimelala chali.

Ila Mapokezi amekata vibaya. Zile tatu za kulia amezikata karibu na fundo, nadhifu, sizisikii. Huu mmoja wa kushoto ameuacha na mkia, unanitekenya shavu kila nikimeza mate. Nitampa maneno yake nikiweza kufungua mdomo.

Jumapili, 9 Machi

Shavu la kulia limevimba. Limevimba kweli, mpaka jicho linaona shavu. Kushoto — hakuna kitu. Pametulia.

Mume wangu kaniangalia kwenye chai akasema kushoto kumezidi. Nikatikisa kichwa, nikaonyesha kulia. Akasema hiyo ni kushoto. Kumbe anahesabu kushoto kwake yeye, aliyenikabili. Nikamwandikia kwenye karatasi: KUSHOTO NI KWA MGONJWA. Ndivyo tunavyohesabu kazini, mgonjwa ndiye mwenye mwili. Akasoma, akasema hata ukiwa bubu unagomba.

Kipusa, binti yetu, ana miaka tisa na ameamua yeye ni muuguzi. Anapima maji ya chumvi vuguvugu kwa ncha ya kiwiko, alivyoniona nikipima ya kumwogeshea alipokuwa mdogo. Ananisimamia nisukutue taratibu. Nikimaliza ananiambia vizuri sana mgonjwa wetu, kwa sauti yangu mimi. Kumbe nina sauti hiyo.

Nyumba imetulia leo. Yeye anachora, baba yake anasafisha brashi, mimi nimelala kwenye kochi na kitambaa cha baridi shavuni. Hakuna aliyenihitaji niseme lolote. Ni raha ya aina yake, sikuijua.

Kitu kimoja tu kinanikaa kooni. Kushoto ndiko kwema. Ijumaa nitamwambia Mzee nini? Miaka yote ile ya nyuzi nne nne, halafu mimi, mtu wake, ndiye niseme mbele yake kwamba mlango wake umenivimbisha?

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi kazini. Kazi nyepesi, vyombo tu na faili. Naweza kusema maneno mafupi kwa kutumia midomo ya mbele. Mapokezi amenikataza kukaa mapokezi nisije nikawatisha watu.

Saa nne Mzee kaja chumba cha vyombo. Kafunga mlango. Kasimama pale karibu na sufuria ya kuchemshia, anageuzageuza kibano ambacho hakuwa na kazi nacho. Kisha kwa sauti ndogo: mama, najua sheria zenu, lakini niambie tu — kule kushoto, kunakuambia nini?

Nikamtazama. Mzee mzima, nywele nyeupe, anakuja kwa siri kutafuta kasoro ya kazi ya mwanafunzi wake. Nilimwonea haya, nikamwonea huruma. Akaniangalia kwa macho yale, anasubiri.

Nikasema kunauma.

Akauliza kunauma vipi. Nikasema kunafukuta, ndani, mpaka kwenye sikio. Kwa nini niliongeza sikio sijui. Chumvi ya Kipusa ilikuwa ya maji, mimi nikaitia kwenye maneno.

Nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Akasema sheria tuziache, fungua nione. Nikasema taya limekaza, halifunguki. Akatikisa kichwa, akarudisha kibano kwenye sinia lisilo lake, akatoka.

Mchana kaja huyu mwingine. Daktari Mdogo naye kafunga mlango. Dada, samahani, hatutakiwi kuulizana, ila kulia huku kulikovimba, zile nyuzi hazikuvuti? Nikasema moyoni, haya, na yeye amekuja kuchimba. Nikamjibu kwa kiburi kidogo, kumtetea Mzee: kulia kumevimba tu, maumivu hakuna, nyuzi safi sana. Akashusha pumzi. Akasema afadhali. Akaenda zake anatabasamu!

Sijaelewa. Mmoja naulaumu upande wa mpinzani wake, anakunja uso. Mwingine nausifia upande wa mpinzani wake, anatabasamu.

Halafu jioni, naosha glasi, ndipo nikaona nilichofanya. Mzee akiamini kushoto kunauma, hasaini! Nimejikatia tawi nililokalia kwa sababu ya macho ya mzee. Lakini Ijumaa bado. Ijumaa nitasema kwamba kulianza vibaya kukaishia vizuri. Acha alale siku nne.

Jumanne, 11 Machi

Mzee kaniletea kichupa cha mafuta ya karafuu kutoka nyumbani kwake. Kakifunga kwenye leso. Kaniambia maumivu bila uvimbe, yanayopanda sikioni, siku ya tatu, ya nne — unajua mwenyewe ni nini, mama. Najua. Ni shimo lililokauka, bonge la damu limetoka, mfupa uko wazi. Ndiyo hofu yake ya miaka yote, na mimi nimemsimulia dalili zake moja baada ya nyingine. Ningetunga uongo mwingine, lakini nilikuwa nimefunzwa huohuo tu.

Kasema nisamehe, mama.

Nikadhani anaomba msamaha kwa niaba ya Daktari Mdogo. Nikasema si kosa lako Mzee. Akaiangalia mikono yake. Akasema labda mkono umechoka.

Mkono gani? Sikuuliza. Nilikuwa nataka tu aondoke kabla sijaanza kulia, maana kichupa kilikuwa bado na joto la mfuko wake.

Mume wangu anasema Mzee alimpigia simu jana kuuliza kama nimelala vizuri. Mume akamjibu kweli: kalala fofofo, anakoroma. Mzee akasema basi anakuficha.

Kulia kumeanza kunywea. Leo nimekula viazi vya kuponda. Vitamu!

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya ndani ya wiki nzuri.

Asubuhi Mzee katuita wote. Hakusubiri Ijumaa. Kasema hatasaini. Kasema kwa upole, na ndicho kilichouma. Kamwambia Daktari Mdogo: mwanangu, nilitaka kukuamini. Nimejaribu kwa kila nilichonacho, nimeshindwa. Nenda hospitali, watakuthamini. Kliniki nitaifunga. Kesho tutamwangalia mama huyu, tumtibu, faili lifunguliwe ili tumalize, lakini mimi jibu ninalo.

Daktari Mdogo hakubisha. Kaenda chumba cha picha, taa imezimwa, kajifungia. Nilibisha hodi akasema niko sawa dada. Sauti haikuwa sawa.

Kinachonishangaza: huyu Mzee ndiye aliyeshinda. Njia yake imeshinda, kwa mdomo wangu wa uongo, na anafungasha vitabu vyake kwenye boksi, hata haniangalii. Mtu aliyeshinda hafungashi hivyo.

Nimerudi nyumbani mapema, nimejaa maneno na sina pa kuyaweka. Kipusa akataka kukagua mgonjwa wake kabla ya kula. Kachukua tochi na kioo cha baba yake cha kunyolea ndevu. Mdomo sasa unafunguka. Kachungulia kulia: mama, huku kumeshonwa kama mpira. Kachungulia kushoto, kacheka. Huku uzi una masharubu, mama. Marefu. Pekundu pazuri, hakuna usaha, vizuri sana mgonjwa wetu.

Masharubu. Kioo kikanionyesha. Mikia miwili midogo, sawasawa, inalingana. Haikukatwa ovyo. Urefu huo nimeukata mimi mara ngapi? Nimekaa na tochi mpaka Kipusa akainyang'anya.

Punje ya mchele.

Hapana. Mapokezi ndiye aliyekata. Kesho nitamuuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kitini. Kiti chenyewe, cha wagonjwa, kimelazwa nusu. Wote wawili wamenipa migongo, wananawa mikono kwenye sinki, bega kwa bega, hawasemeshani. Mzee hunawa dakika tatu kamili. Nina dakika tatu.

Nimefika saa mbili kasoro, Mapokezi anapanga faili. Nikamvamia: wewe, mbona ulinikata ovyo? Tatu fupi, mmoja mrefu, wiki nzima unanitekenya!

Akaumia. Huyu dada ukigusa kazi yake umegusa mboni ya jicho lake. Akasema sikukata ovyo, nilikata nilivyoelekezwa. Hawakuruhusiwa kusema, wakanionyesha kwa vidole. Daktari Mdogo kanionyesha kata karibu. Mzee kanionyesha hivi — akanionyesha kidole gumba na cha shahada, na kati yao kanafasi kadogo ninakokajua kuliko pete yangu.

Nikamwambia ngoja. Mzee alikuonyesha upande upi?

Akasema niliapa.

Nikasema Mapokezi, nimepoteza meno mawili na leo tunapoteza kazi, upande upi?

Akaangalia mlangoni. Kisha akasema yote, haraka haraka. Kushoto ni Mzee. Uzi mmoja, na upenyo, njia ya Daktari Mdogo. Alipotoka nje akamwambia Mapokezi: nataka nijue kwa mkono wangu mwenyewe kabla sijasaini, na usimwambie mtu. Na kulia ni Daktari Mdogo. Nyuzi tatu, kafunga kila kitu, njia ya Mzee. Naye akamwambia: huenda ni kidonda cha mwisho nashona ndani ya nyumba yake, acha nikishone anavyopenda yeye. Usimwambie mtu.

Na Mapokezi hakumwambia mtu. Wiki nzima!

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa.

Kwa hiyo Mzee alipokuja na kibano hakuja kuchimba kasoro ya mtu. Alikuja kuuliza kazi yake mwenyewe. Kidonda cha kwanza alichowahi kukiacha wazi maishani mwake, akakiacha mdomoni mwangu, kwa sababu mimi ndiye mtu anayemwamini. Akanipiga begani mara mbili. Na mimi nikamwambia kinafukuta mpaka sikioni. Kwa mapenzi! Kwa kumtetea! Nikamwambia si kosa lako Mzee, akaangalia mikono yake.

Na kidonda chake ni kizuri. Kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na nimeviona vingi. Hakijanisumbua hata siku moja.

Mume wangu kapiga simu nikiwa palepale kwenye benchi. Kasema leo hana kazi nyingine, rangi ameshakoroga, niandike au nifute? Nikamwambia usifute. Akangoja nimalizie, amezoea naendelea. Nikakata.

Karatasi ziko pale mezani. Jino la plasta bado limezilalia. Faili liko mkononi mwa Mapokezi, amelikumbatia, ananikodolea macho kutoka mlangoni. Anataka nianze mimi kabla hajalifungua. Nami nataka hivyo. Mzee akisomewa faili kwanza, ataendelea kudhani amenidhuru. Ausikie ukweli kwangu.

Kumbe kwa nyuzi tatu za huyu na uzi mmoja wa yule, wamenishonea mapatano yao mdomoni wiki nzima, na mimi Redio nimeyanyamazia bila kujua.

Maji yamefungwa. Wanafuta mikono kwa taulo moja, Mzee mwanzo, Daktari Mdogo mwisho. Mzee anavaa glavu. Ana uso wa mtu anayekuja kuangalia alichoharibu. Kashika kioo kidogo kwa mkono mmoja, kwa mwingine kile kichupa cha karafuu.

Kanisogelea. Kasema weka daftari chini, mama. Tuanze na kushoto. Polepole, fungua.

Nafungua, Mzee, nafungua, lakini kwanza nisikilize —